SOMO LA ROBO HII: KIDONGE KINACHOYEYUKA KWENYE KIJIKO



Somo letu safari hii ni juu ya kidonge cha zinki anachopewa mtoto anayeharisha. Tumelichagua kutokana na jambo tulilokutana nalo Migato, wilayani Itilima, eneo ambalo kabla ya mwaka 2012 lilikuwa ndani ya wilaya ya Bariadi. Tulipokuwa tukitembelea kaya, mama mmoja alitutolea pakti ya vidonge kumi, viwili tu vikiwa vimetumika. Mtoto alipopewa cha kwanza alitapika, na siku ya pili akatapika tena. Bibi yake akasema dawa imemkataa. Ndipo mama akaenda kununua "dawa ya kufunga tumbo", na ilikuwa bado mkononi mwake tulipoingia uani.

Tuanze na kazi ya kidonge chenyewe. Mtoto anayeharisha hupoteza maji, chumvi na pia madini ya zinki. Maji na chumvi hurudishwa na ORS. Zinki husaidia ukuta wa utumbo kupona na mwili kupambana na vijidudu, hata miezi miwili mitatu inayofuata mtoto haharishi mara kwa mara. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri vyote viwili vitumike pamoja: ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kidonge huwekwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama, kikayeyuka, mtoto akanyweshwa.

Ladha yake ni kama kulamba sarafu, na hapo ndipo kutapika kunapoanzia. Jambo hili limepimwa, tena hapa nchini. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Delhi, India, kwa watoto 4,500 wa miezi 6 hadi 59. Wengine walipewa miligramu 20 kwa siku, wengine 10, wengine 5. Waliotapika walikuwa asilimia 19.3 kwa kipimo kikubwa, 15.6 kwa cha kati na 13.7 kwa kidogo. Walioendelea kuharisha zaidi ya siku 5 walikuwa asilimia 6.5, 7.7 na 7.2, yaani karibu sawa. Hata hivyo mzazi asikate kidonge kwa kukisia nyumbani. Kipimo hutolewa na mhudumu wa kituo.

Hapa nina la kukiri. Katika semina zetu za mwanzo nilizoea kuwaambia akina mama kwamba kidonge hiki "hakina madhara". Kwa kipimo cha miligramu 20 karibu mtoto mmoja kati ya watano hutapika, kwa hiyo mama aliyeona mwanawe anatapika alikuwa na haki ya kuona tumemdanganya. Siku hizi tunasema mapema: anaweza kutapika, akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena, akitapika kila anachopewa, mpeleke kituoni. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, vidonge viendelee hadi siku zilizoagizwa. Vinavyobaki asipewe babu mwenye kiungulia. Havikutengenezwa kwa ajili hiyo. Na visitolewe kwenye pakti kabla ya wakati wake, maana hunyonya unyevu na kuharibika.

Hatari kubwa ilikuwa ile dawa ya dukani. Dawa za kufunga tumbo, kama loperamaidi, hupunguza mwendo wa utumbo. Kwa mtoto mdogo utumbo unaweza kusimama kabisa, tumbo likavimba, akasinzia na kupumua kwa shida. Vijidudu hubaki ndani, na maji huendelea kujikusanya tumboni ilhali nepi ni kavu na wazazi wanashukuru. Mtoto anayeharisha asipewe dawa hizo. Akiwa na damu kwenye kinyesi, macho yaliyobonyea, mwili kulegea au kushindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiku usisubiriwe kuisha.

ORS nayo ina mtego wake. Pakti ni ya lita moja, na chupa kubwa za maji madukani nyingi ni za lita moja na nusu. Tumieni chupa mbili za nusu lita. Maji yakiwa machache chumvi huzidi, na hilo humdhuru mtoto. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Wafadhili wetu hutuuliza kila robo vidonge vingapi vimegawiwa. Ni swali la haki, nasi tunalijibu. Ila ile pakti ya Migato ilihesabiwa kuwa imegawiwa, wakati vidonge vinane vilikuwa bado ndani yake. Tunaomba fedha za mafuta ya pikipiki pia, ili mtu afike kwenye kaya siku ya tatu au ya nne.

Maswali ya kamati:
Ni nani katika usharika wenu anayeweza kurudi kwenye kaya siku hiyo?
Duka la dawa lililo karibu nanyi humpa nini mzazi anayesema mtoto anaharisha?
Bibi na mama wakwe waalikweje kwenye semina ijayo?