Mvuke wa Petroli Hauonekani

Wapendwa wazazi, tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli kwa madumu; moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100.

Hatari si kiberiti peke yake. Petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hadi mbali. Cheche ya betri au injini ya pikipiki yatosha kuuwasha. Waambieni vijana wenu: lori likianguka, wakae mbali. Na kituoni, injini izimwe, abiria wa bodaboda ashuke kwanza.

Sisi wauguzi twasikitika tunapompokea aliyeungua akiwa amepakwa dawa ya meno au majivu. Twajua mmefanya kwa upendo, lakini inatubidi kuyaosha tena, naye analia. Mvueni nguo zenye petroli, ila iliyogandia ngozini iacheni. Mwagieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi.

Aliyemeza petroli akiivuta kwa mpira msimtapishe; ikirudi huingia mapafuni. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema hajambo. Kikohozi chaweza kuanza saa kadhaa baadaye.