SOMO: CHIKORI, MZIZI UNAOSHINDANA NA KAHAWA



Mkulima wa kahawa anajua kupalilia, kuchuma, kumenya na kuanika. Aghalabu hajui kahawa yake huchanganywa na nini ikishavuka bahari. Kimojawapo ni chikori.

Chikori ni mmea wenye maua ya buluu. Mzizi wake mnene hukatwa vipande, hukaushwa, hukaangwa na kusagwa. Kinywaji chake ni cheusi na kizito, kina uchungu pamoja na utamu kidogo kama wa sukari iliyoungua. Hakina kafeini, hivyo mtu anayekoseshwa usingizi na kahawa aweza kukinywa usiku. Kikitiwa maziwa ya moto huburudisha kweli, wala hakuna sababu ya kukibeza.

Dhiki ndiyo iliyokieneza. Mwaka 1806 Napoleon alipiga marufuku biashara na Uingereza. Kahawa ikaadimika Ufaransa, na chikori ikashika nafasi yake. Vita vilikwisha, ladha ikabaki. Hata leo, huko New Orleans nchini Marekani, na vilevile kusini mwa India, wako wanaoitaka kahawa iliyotiwa chikori, na kahawa tupu huiona pungufu.

Linalotuhusu zaidi ni bei. Baridi kali ya Julai 1975 iliteketeza mibuni mingi ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda mno duniani. Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na upungufu wa fedha za kigeni, ilitoa mwaka 1977 mchanganyiko ambao karibu nusu yake haikuwa kahawa; chikori na nafaka zilikuwamo. Wananchi waliulalamikia sana. Kwa maoni yetu mzizi haukuwa na hatia: anywaye chikori kwa hiari hufurahi, anywaye akidhani ni kahawa hujiona amepunjwa, na sifa inayoharibika ni ya kahawa.

Kuitambua ni rahisi. Jaza bilauri maji baridi, nyunyiza juu yake kahawa ya unga kiasi cha kijiko kidogo, usikoroge. Kahawa ina mafuta, hivyo huelea kwa muda. Chikori huzama upesi, ikiacha michirizi ya rangi ya kahawia majini. (Kahawa ile inayoyeyuka yote haipimiki hivi.)

Katibu afanye jaribio hili mkutanoni kwa pakiti iliyonunuliwa dukani, kisha wanachama wajadili: Je, maandishi ya pakiti yanakubaliana na yaliyoonekana katika bilauri?