Jini si lazima, mdogo wangu

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina barua ya mdogo wenu mmoja wa Tanga, ndefu kama foleni ya kliniki, na ndani yake katia hadithi aliyoitunga mwenyewe. Anapenda kuandika hadithi fupi za kutisha. Mama yake kalikuta daftari chini ya godoro, kaja juu: binti wa watu anaandika mambo ya damu na uchawi, nani atamuoa? Mchumba naye anaona bora ageukie mapenzi, maana ndiyo yanayosomwa. Anauliza: Dada, niache?

Usiache. Ila hadithi nimeisoma, na nina maneno nawe.

Umeniwekea mwanamke mwenye kwato, paka mweusi, makaburi, na umeme unakatika saa nane za usiku. Hayo tumeyasikia tangu tunalala mkeka mmoja na bibi, na sikushtuka. Nilishtuka ukurasa wa tatu, pale bi harusi anapomwambia shangazi yake kuwa mume akishafunga mlango anabadilika sauti. Shangazi hanyanyui hata uso. Anaendelea kuchambua mchele, anatoa chuya moja, anaitupa, anasema, "Vumilia mwanangu, ndoa ndiyo hiyo." Hapo mwili ulinisisimka. Wewe ukapita mbio, ukakimbilia kwato. Rudi kwenye ule ungo wa mchele ukae hapo, hadithi yako imelala pale.

Nikupe mfano wa aliyekaa hapo. Charlotte Perkins Gilman alikuwa Mmarekani. Alijifungua binti mwaka 1885, akaingia kwenye majonzi yasiyokwisha. Mwaka 1887 akaenda kwa daktari aliyevuma sana wakati ule, Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, ambaye dawa yake kwa wanawake wa namna hiyo ilikuwa kulala kitandani, kulishwa vizuri na kutofanya lolote. Akamrudisha nyumbani na masharti: ashughulike na mambo ya nyumba, akili aitumie saa mbili tu kwa siku, na kalamu asiiguse tena maisha yake yote. Charlotte alitii kwa miezi, mpaka akakaribia kurukwa na akili kabisa. Alipoyatupa masharti yale ndipo akapata nafuu, na mwaka 1892 ikachapishwa hadithi yake fupi, The Yellow Wallpaper.

Ndani yake kuna mama aliyejifungua karibuni, na mume ambaye ni daktari. Wamepanga jumba kwa kipindi cha joto, naye kawekwa chumba cha juu. Madirisha yana nondo. Kitanda kimepigiliwa sakafuni. Ukutani kuna karatasi za njano zenye michoro inayochosha macho, na kwa kuwa hana kazi nyingine, anaikodolea hiyo michoro mchana na usiku, hadi anamwona mwanamke nyuma ya michoro, anatambaa, anatikisa, anataka kutoka.

Sasa mtazame yule mume. Hampigi, hamtukani, hana mwanamke wa nje. Anambembeleza kwa majina matamu, anambeba kumpandisha ngazi, na kila mkewe akisema naumwa, anacheka kwa upendo na kumwambia unaendelea vizuri. Mke kasema, na aliyeambiwa ni mtu mwema, msomi, anayempenda, na bado hakusikia. Huwezi kumkimbia mtu wa namna hiyo, kwa sababu ukienda kushtaki kwenu utaambiwa umepata mume bora. Hiyo ndiyo hofu inayokaa rohoni hata baada ya kufunga kitabu, na haina kwato. Daktari mmoja alilalamika kuwa hadithi kama ile haifai kuandikwa, itamtia msomaji wazimu. Charlotte alijibu mwaka 1913 kwamba aliiandika kuwaokoa watu wasifikishwe huko. Mitchell naye alipelekewa nakala yake. Hakujibu neno.

Ukimaliza hiyo, mtafute Carmen Maria Machado. Mkusanyiko wake wa hadithi, Her Body and Other Parties, ulitoka mwaka 2017. Humo mna mke anayemruhusu mume kila kitu isipokuwa kimoja: asiiguse utepe wa kijani alioufunga shingoni. Mume ana mwili wake, ana mtoto, ana nyumba, lakini roho haimtulii mpaka na utepe ufunguliwe. Jina la hadithi, The Husband Stitch, linatokana na ule mshono mmoja wa ziada anaoshonwa mwanamke aliyejifungua, kwa raha ya mume. Aliyewahi kushonwa akaambiwa jikaze, mbona wakati wa kuitafuta hukulia, hahitaji kufafanuliwa. Hakuna mzimu unaoweza kushindana na sauti ile.

Na usidhani lazima uende kuazima ng'ambo. Bibi zetu walitusimulia ya binti aliyekataa wachumba wote, akampenda mgeni mzuri asiyejulikana kwao, kumbe zimwi. Mafunzo yake yote yalimwangukia binti: mkaidi, mchaguzi, kayataka mwenyewe. Mimi huwa nawawaza waliohudhuria ile harusi. Waliuona mkia umechungulia chini ya kanzu, wakaendelea kula pilau. Mwandike mmoja wao. Mwandike aliyempamba bi harusi, anamfunga kilemba huku anajua.

Kuhusu mama, usigombane naye. Mama anaogopa kuwa yaliyomo kwenye daftari ni ya nyumba yake, na pengine ni kweli kidogo. Badilisha sura za watu, badilisha mtaa, usimwandike shangazi yako mpaka chale zake. Kisha siku akiwa ametulia msomee kipande. Usishangae akikaa kimya halafu akakupa kisa kizito kuliko chako. Wanawake wa rika lake wana maghala yaliyofungwa. Mchumba ni habari nyingine. Mpe hadithi ya utepe aisome, umuulize yule mume amemwonaje. Akisema mke alikuwa na siri, ndiyo maana yakamkuta, basi umepata jibu bure kabla ya mahari.

Nina moja la kutia breki, na hapa sitanii. Mwenye kichanga, aliye ndani ya arobaini, asianze na hadithi ya zile karatasi za njano. Na kama wewe au jirani yako umejifungua, halafu usingizi umepotea kabisa, unasikia sauti, unaona wasioonekana na wengine, au linakujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo si hadithi, wala usikubali kuzungushwa kwa mganga kwanza. Huo ni ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na unatibika. Ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine na mama asiachwe peke yake.

Haya, mtu wa Tanga, kazi yako hii. Yule mwanamke wa kwato mfute. Muache shangazi achambue mchele hadi mwisho, bi harusi asimulie tena na tena, na kila mara ajibiwe kwa upole zaidi. Ukifika ukurasa wa mwisho ukaona jini bado anahitajika, mlete. Kisha nitumie nisome, mchana.