Tunapokwenda Kudai Deni la Chama

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10-13, Kutoka 22:25-27, Amosi 2:8

Somo letu safari hii ni la watu wa vyama, na kati yetu ni wachache ambao hawamo katika chama chochote: cha akina mama, cha meri-go-raundi, cha kukopeshana kila mwezi. Vyama hivi vimetufaa. Karo imelipwa, mabati yamepanda juu ya nyumba, ng'ombe wamenunuliwa. Lakini iko siku moja ambayo kanisani hatupendi kuizungumzia, ile siku mwenzetu ameshindwa kulipa na chama kinaamka pamoja kwenda kwake.

Mnajua inavyokuwa. Mkopo ni wa kikundi, kila mtu ni mdhamini wa mwenzake, na afisa wa mkopo amesema mkutano haufungwi mpaka pesa zitimie. Bas, akina mama kumi wanashika njia mpaka boma la yule mmoja. Hodi hawapigi. Kuku wanakamatwa, sufuria zinatolewa, godoro linaburutwa nje watoto wakiangalia, na cherehani inabebwa kichwani. Jumapili hao kumi wako kwenye benchi zao, wanaimba. Yule mama hayupo, na baada ya miezi michache hata jina lake halitajwi.

Hebu tuangalie Torati. Musa hakukataza watu kukopeshana, wala hakukataza rehani. Alijua mwenye mali atataka kitu cha kushika. Alichofanya ni kuweka mipaka.

Aliwakataza Waisraeli wasishike mawe ya kusagia ya mtu, hata lile la juu peke yake. Nyumba ilisaga unga wake yenyewe, na jiwe moja likiondoka lile lingine halina kazi tena, watu wanalala njaa. Kisha mdeni huyo atakulipa na nini? Siku hizi mahindi tunapeleka poshomili, kwa hiyo jiwe la kusagia la mama fundi wa nguo ni cherehani yake. La mkulima ni jembe na pampu ya dawa, la kijana wa mjengo ni vyombo vyake vya kazi. (Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ule ule ni jambo lingine, hapo mtu alikubali tangu mwanzo.) Chama kikiuza cherehani kwa bei ya kutupa kimepata kitu kidogo leo, na kimeua njia ya kulipwa kilichobaki.

Halafu kuna habari ya mlango. Hapa watu husoma haraka wakapita, na kumbe ndipo penye uzito. Aliyekopesha anatakiwa asimame nje. Asiingie. Mwenye deni ndiye anayeingia nyumbani mwake, anachagua, anatoa rehani kwa mkono wake mwenyewe. Kuwa na deni la mtu hakumfanyi huyo mtu awe mwenye nyumba yako. Umaskini umeshamwondolea mengi, na Mungu hataki aondolewe hata heshima ya mlango wake mbele ya watoto wake.

Na nguo ya maskini, ambayo usiku ndiyo blanketi yake, ilibidi irudishwe kabla jua kutua. Mtu atauliza, rehani ya kurudisha kila jioni ina faida gani? Kwa hesabu ya biashara, kidogo sana. Ilibaki kuwa ukumbusho wa deni tu, na Mungu aliona inatosha. Miaka mingi baadaye nabii Amosi aliwakemea waliojinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizoshika rehani. Mzee wa kanisa mwenye godoro la jirani sebuleni kwake na asome hapo polepole.

Hata sheria ya Kenya inafanana na hayo. Katika sheria ya kesi za madai, sura ya 21, kifungu cha 44, mahakama yenyewe ikiamuru mali ya mdeni ikamatwe, nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko havishikwi, wala vifaa vya kazi yake. Ikiwa korti haigusi sufuria, chama kimepata wapi ruhusa?

Lakini tusije tukawafundisha watu kukimbia madeni. Zaburi 37:21 inamweka anayekopa asilipe upande wa waovu. Wako wanaozima simu na huku wamenunua viti vipya. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 hakujificha. Alikwenda kwa Elisha akaeleza shida yake wazi, wana wake wawili walikuwa karibu kuchukuliwa utumwani, na mafuta yalipopatikana aliambiwa alipe deni kwanza, ndipo waishi kwa kilichobaki. Mwenye deni naye aje mapema, aseme "wenzangu, mwezi huu nimekwama," kabla tarehe haijafika.

Na wadhamini je? Mithali 6:1-5 inamhimiza aliyejifunga kwa ajili ya mwenzake aende kwake upesi, asilale. Basi twende wiki ya kwanza aliporuka malipo, watu wawili, kwa utulivu, tukaulize kuna nini. Pengine mtoto yuko hospitali. Chama chenye mfuko wa dharura kinaweza kumlipia awamu hiyo, yeye akarudisha kidogo kidogo. Na rehani iandikwe siku ya kukopa, mkopaji mwenyewe akitaja kitu ambacho nyumba inaweza kukaa bila hicho.

Kwa mkutano wenu ujao, mwekahazina alete katiba ya chama. Someni kwa sauti kile kifungu cha wasiolipa. Kama kinasema vitu vya nyumba vitachukuliwa, ulizaneni ni vitu gani, na ni nani ataingia kuvitoa.