"Kuko baridi" au "kuna baridi"? Somo kutoka Lubero

Kazi ya miezi mitatu ilinipeleka Lubero, mji mdogo wa milimani, magharibi ya Ziwa Edward, kufundisha Kiswahili kwa watoto waliolelewa kwa Kinande. Nilisahihisha insha karibu na mbabula, nimevaa makoti mawili. Mmoja aliandika: "Kwetu kuko baridi." Nikamkata alama mbili; kwa wino mwekundu nikaandika "kuna".

Jioni mama mwenye nyumba akaniuliza: "Mwalimu, umeshinda je?" Nikajibu: "Mama, kuko baridi sana!" Mwanawe, ndiye yule mwanafunzi, akainua macho kutoka daftarini.

Tuchambue. Katika "kuna", ku- ni kiambishi cha mahali na -na ni ya kuwa na kitu. Katika "kuko", ku- ni ileile. -Ko ni ile ya "yuko nyumbani". Hata Kiswahili sanifu huitumia kwa hali: "niko tayari", "yuko hai". Sisi wa Kivu tumeipanua tu, hadi "niko mwalimu". Hiyo ni kanuni, si ovyo. Mtihani unadai sanifu, sawa; lakini mimi nilisahihisha bila kueleza.

Kesho yake nilimrudishia alama moja. Ya pili bado naifikiria.