Thamani ya Karata Zisizokamilika

Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili: mchezo wa bahati ukikatizwa kabla ya kwisha, dau ligawanywe vipi? Walimpimia kila mchezaji kwa nafasi alizobakiwa nazo. Swali la jamaa hiyo laweza kujaribiwa darasani kwa karata 52 na gunzi moja la mahindi ya Nduruma. Punje ndizo zitakuwa dau.

Katika poka ya kubadilisha karata, kila mchezaji hupewa karata tano. Tuseme umepata kopa nne na shupaza moja. Ukiitupa shupaza ukapata kopa, umekamilisha karata tano za aina moja, nazo ni karata zenye nguvu. Usipoipata, huna kitu. Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Uwezekano wako ni 9/47, yaani asilimia 19 hivi.

Ili uendelee unatakiwa kutoa punje 10. Je, utoe? Wanafunzi wengi huvutiwa na kopa nne wakasahau kutazama mezani. Ikiwa mezani pana punje 60, katika kila michezo 47 utashinda 9 kwa wastani, upate punje 540. Utashindwa 38, upoteze 380. Toa. Pakiwa na punje 30, utapata 270 tu na kupoteza 380 zilezile. Mpaka ni punje 42 na kidogo. Na kwa kuwa hata kopa tano huweza kushindwa, yafaa fungu lizidi hapo.

Mwenye 5, 6, 8 na 9 anangoja 7 pekee, nazo ni nne. Kwake hata punje 60 hazitoshi. Akijitetea kwamba amekwisha kuweka punje 20, akumbushwe kuwa hizo si zake tena. Zimo ndani ya fungu.

Mkulima wa Nduruma anayengoja zamu ya maji ya mfereji huku mahindi yakinyauka huwa na hesabu kama hii anapofikiria mbolea ya kukuzia. Gharama ya kulima na ya mbegu imekwisha kutoka. Apime bei ya mbolea, uwezekano wa maji kufika, na magunia yatakayoongezeka. Kazi yake ni ngumu zaidi, maana karata zilizobaki hawezi kuzihesabu. Hukadiria kwa kumbukumbu ya misimu iliyopita.

Zoezi: Una kopa tatu, unabadilisha karata mbili kwa punje 10. Fungu liwe na punje ngapi? (Jibu: zaidi ya 230.)