Somo la Juma: Saa 168 za Mwanafunzi



Muhula uliopita kijana wetu mmoja aliacha kuja ibadani. Tulidhani amepoa kiroho. Baadaye tukajua kwamba Jumapili ndiyo siku pekee aliyopata kulala, na tayari alikuwa amefeli kozi mbili. Kwa kuwa vyuo vimefunguliwa tena, leo tujifunze kugawa muda kati ya masomo na mapumziko.

Tuanze na hesabu. Wiki ina saa 168. Hapa Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hutakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula. Kwa kila saa moja ya darasani, vyuo hutarajia kama saa 2 za kujisomea. Hizo ni saa 36 kwa wiki. Kazi ya chuoni huruhusiwa hadi saa 20 wakati wa muhula. Akilala saa 8 kila usiku, ni saa 56. Jumla ni 112. Zinabaki 56, yaani 8 kwa siku, za kupika, kufua, kusubiri basi, kuabudu na kupumzika.

Saa hizo si haba, ila kila mtu huziona ni za bure. Na hapa tukiri: sisi wenyewe tumezichukua. Ijumaa tunamwita mazoezi ya kwaya. Jumamosi kuna harusi au msiba, na wa kupanga viti ni yeye. Jumapili mchana tunamwomba atujazie fomu. Usiku, akijiandaa kulala, nyumbani Afrika kunakucha, na simu za ada ya mdogo wake zinaingia. Kila jambo ni jema likiwa peke yake. Yakijumlishwa, kijana anakesha, anachoka, kisha anataka kuacha kozi. Akishuka chini ya krediti 12 bila kibali cha chuo, viza yake iko hatarini.

Katika Kutoka 18, Yethro alimwona mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Hakumsifu kwa bidii. Alimwonya kwamba atachakaa, yeye pamoja na watu wake. Katika Marko 6:31, Yesu aliwaita wanafunzi wake wapumzike kidogo, ingawa watu walikuwa bado wanawajia.

Basi tufanye hivi:

1. Vijana, siku ya kwanza ya kozi andikeni tarehe za mitihani yote kwenye kalenda. Kisha tengeni jioni moja kwa wiki ya kucheza mpira, kutembea au kupika na wenzenu. Ilindeni kama darasa. Kabla ya kuacha kozi yoyote, mwoneni mshauri wa wanafunzi wa kimataifa.

2. Wazazi, tumuulize mtoto ana mtihani lini kabla ya kumtuma.

3. Kanisa, kila mwanafunzi apewe huduma moja tu, na wiki za mitihani aachiwe hata hiyo.

Swali la kujadili nyumbani: wiki hii, ni saa ngapi za kijana wetu tulizozichukua bila kumuuliza?

Mungu awabariki.